Pezi la Tatu

Mbezi, 8 Mei 1954

Shoga yangu Somoe,

Najua umeninunia. Tangu Baba ahamishwe kutoka shule ya Temeke kuja kufundisha huku Mbezi sijakuandikia hata mstari. Nuna, haki yako, lakini soma kwanza kisha ndiyo uendelee kununa.

Nimeokota kitu. Juzi kusi ilichafua bahari, jana nikashuka mikokoni kutafuta kuni. Nikakuta ubao umekwama kwenye mizizi. Si wa mlango, si wa kitanda. Mrefu, Baba akiinua mkono haufikii mwisho. Kichwa kimoja ni mviringo, kingine kimechongoka. Ndani ni mtupu, ukiugonga unalia kama ngoma, na una kizibo cha shaba cha kutolea maji. Tumboni, kwenye ile ncha, kuna matundu mawili na kovu, kama kuna kitu kiling'oka.

Nikakumbuka gazeti la Kizungu la Baba. Mna picha ya watu wamesimama juu ya mawimbi, wamesimama wima, Somoe, kama wanangoja basi! Mmoja amebeba ubao kama huu kwapani na chini yake limetokeza pezi, mfano wa la papa. Picha imechanika, sikuona zaidi.

Nimeuficha nyuma ya banda la Mjomba wako Marijani. Yeye ameapa hajaona kitu, na barua hii ataileta kwenu pamoja na samaki, basi usikasirike ikinuka. Baba yako ni fundi wa mitumbwi, na wewe ulikuwa ukishinda miguuni pake unaokota vipande. Nichongee pezi.

Nisalimie Bibi Mwanabaraka, mwambie shikamoo yake iko palepale.

Rafiki yako,
Tekla Ansbert


Temeke, 15 Mei 1954

We Tekla!

Kimya chote hicho, halafu salamu zenyewe ni za ubao! Haya, nimesamehe, kwa sababu sina mtu mwingine wa kumnunia humu ndani.

Hujui, maana uliondoka. Mlipohama tu nikavunja ungo, wakaniweka ndani. Mie sasa mwali. Sionwi na mtu wala sisemi kwa sauti. Nikienda uani kuoga nafunikwa gubigubi kama maiti. Dirisha langu linapitisha mkono, mwili hapana. Bibi mzaa mama ndiye kungwi wangu, ananifundisha mambo ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya mtoto wa mwalimu. Amenipa mwana hiti, kile kisanamu cha mti cha mwali, nikipake mafuta na kukibembeleza kama mwanangu. Mwaka mzima nabembeleza kijiti, shoga. Nimekuwa mweupe kama muhogo uliomenywa.

Lakini chumba changu ndicho kikavu kuliko vyote, kwa hiyo Baba huweka mbao zake humu, na sanduku la zana. Nalala na mninga na mvule. Kwa hiyo pezi utapata. Hili la kwanza nimelichonga kwa kisu Bibi akiwa kwenye tarawehe. La pembe tatu tu, nene, lijaribu.

Sasa sikia, na hili usilifanyie mzaha. Mwali akitolewa hupitishwa kwa ndugu kuonwa na kutunzwa. Nitaomba nipelekwe kwa Mjomba Marijani, Mbezi. Nataka asubuhi moja. Moja tu, nisimame juu ya huo ubao, nisishikwe na mtu, nisifunikwe na kitu. Nikishapata hiyo, wanifanye wanavyotaka.

Niapie kwamba utanitunzia.

Mie Somoe binti Nassibu


Mbezi, 29 Mei 1954

Somoe wangu,

Nililia niliposoma, kisha nikacheka habari za muhogo, Mama akaniuliza kama nina homa.

Naapa. Kwa Bikira Maria, ubao nitautunza mpaka asubuhi yako. Basi.

Pezi limeingia kwenye matundu barabara, Mjomba akalikaza kwa skrubu. Nikaingia majini na gauni la zamani. Nikalala kifudifudi, ncha mbele, pezi chini ya kidevu changu, nikapiga makasia kwa mikono. Wimbi lilipokuja, ubao ukageuka. Nikajaribu tena, ukageuka tena. Kila mara unataka kutazama ulikotoka, mie nabiringishwa na kunyweshwa chumvi. Wavuvi wananiita Sista Pweza. Sijapata kusimama hata kwa kufumba na kufumbua.

Nadhani pezi ni baya. Usikasirike.

Iddi njema inayokuja, na ule maandazi ya kwangu.

Tekla


Temeke, 5 Juni 1954

Tekla, mtoto wa mwalimu, Mungu akusaidie!

Pezi baya? Pezi langu baya? Nimekaa na barua yako siku nzima ya Iddi, pilau inapoa, naona tu kidevu chako juu ya pezi. Umeuendesha ubao kinyumenyume! Nyie wa Bukoba mtumbwi wenu una pua kali mbele, najua, ulinichorea wakati ule shuleni. Ndiyo maana ukaona ncha ukasema hapo ndipo kichwa. Sasa samaki gani anatanguliza mkia? Kile kichwa cha mviringo ndicho mbele. Ncha ni mkia, na pezi linakaa nyuma, lishike maji ubao usiyumbe. Geuza!

Nilicheka mpaka Bibi akaja kuniuliza mwali gani anacheka. Nilikuwa nachonga pezi la pili, nikalifunika kwa kanga upesi nikajifanya nabembeleza mwana hiti. Bibi kaketi karibu, akalichukua vilevile na kanga yake, akalipakata, akaliimbia, akalipaka mafuta ya nyonyo. Macho yake si mazuri tena na humu ndani kiza. Kwa hiyo pezi hili limeshaombewa dua. Nimelifanya kubwa, urefu wa mkono mpaka kiwiko, la mvule, ili safari hii usibiringike.

Halafu nieleze kusimama kunavyokuwa. Nieleze kila kitu, miguu inakaa wapi. Nataka kujifunza humuhumu.

Somoe


Mbezi, 19 Juni 1954

Somoe, NIMESIMAMA!

Niligeuza ubao nikiona aibu hata kwa kaa wa pwani. Wimbi la kwanza tu, ukaenda. Haukuyumba. Nikainuka kwa magoti, kisha kwa miguu, na nilikuwa juu ya maji, Somoe, juu yake. Wavuvi waliacha kucheka.

Haya, miguu. Wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, simama kama unataka kutoa ngumi. Magoti laini, usiyakaze. Mikono iachie. Na macho, hapa ndipo siri ilipo: usitazame miguu. Ukitazama miguu unaanguka papo hapo. Tazama mbali, kule unakotaka kwenda, mwili utafuata wenyewe.

Lakini pezi lako kubwa halitaki kugeuka kabisa. Linakwenda mbele tu kama Baba akishashika fimbo. Nilipoona mwamba nikaegemea kulia, nikaegemea kushoto, wapi! Tukaingia kwenye matumbawe. Pezi limekatika katikati na goti langu limechanika. Nimemwambia Baba nimeanguka kisimani. Alilitazama goti muda mrefu.

Fanya dogo. Dogo, na lipinde kidogo kwa nyuma.

Tekla


Temeke, 3 Julai 1954

Shoga yangu, pole ya goti.

Nimeweka ubao mwembamba juu ya kifuu cha nazi, nasimama hapo kila Bibi akienda sokoni. Kushoto mbele, kulia nyuma. Mwanzo niliangukia sanduku la Baba nikapata nundu. Sasa naweza kukaa mpaka miguu ifanye ganzi. Cha kutazama mbali ndiyo sina, mbele yangu ukuta. Nautazama hivyohivyo, naupita.

Pezi la tatu hili hapa. Nimelifikiria sana. Jodari hana pezi kubwa, tena anakata kona apendavyo. Basi nimelifanya jembamba, pana chini, limepindia nyuma mwishoni, makali pande zote mbili. Nimelisugua kwa ngozi kavu ya samaki taa mpaka likateleza mkononi kama sabuni. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizopata kufanya na nasema mwenyewe, maana humu hakuna wa kunisifu.

Mbao za Baba zilikuwa na nyufa. Wiki hii imeletwa mbuzi ya kukunia nazi, mpya, ya mninga mtupu, imenakshiwa. Nimekata kiti chake. Bibi akiiona sijui nitasema nini.

Wanasema nitatolewa baada ya Iddi ya kuchinja. Karibu, Tekla! Kila nikilala naona asubuhi yangu. Niandikie upesi pezi linavyokwenda.

Somoe


Mbezi, 20 Julai 1954

Mpendwa Somoe,

Pezi la tatu ni ajabu. Nililifunga Jumamosi, saa nne asubuhi nikaingia majini. Maji yalikuwa yamejaa, mawimbi mazuri, marefu. Nilisimama kwa urahisi, nikainamisha bega tu na ubao ukageuka kulia, nikainamisha lingine ukageuka kushoto. Nilikuja nalo mpaka mchangani bila kulowa nywele. Ubao uko salama, nimeufunika kwa makuti. Wewe ni fundi kweli.

Goti limepona. Kwa nini wamekuletea mbuzi mpya na ile ya Bibi nzima? Lakini hayo tutazungumza ukija.

Nasali kwa ajili yako.

Tekla


Temeke, 24 Julai 1954

Tekla,

Usiku wa kuamkia Ijumaa ile mwezi ulipatwa. Bibi alipiga sinia mpaka majirani wakatoka. Mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu, na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua, maji kujaa na kupwa kupita kiasi. Jumamosi ya bamvua, saa nne asubuhi, maji yako wapi? Yametoka, yamekwenda zao, watu wanaokota pweza kwa miguu mpaka mwambani. Mie nimezaliwa pwani, shoga. Hata mkinifungia kwenye sanduku najua bahari iko wapi. Ulipanda wimbi gani, la mchanga?

Ubao uko wapi?

Uliniapia. Kwa mama wa Mungu wenu uliniapia. Ungekuwa mkweli ningelia kisha nikanyamaza. Sasa umeniacha nafurahi siku hizi zote peke yangu gizani kama mwehu, naota ubao ambao haupo.

Na mie nikwambie langu, maana hata mie nimekuficha. Mbuzi mpya ni ya kwendea nayo kwa mume. Naozwa siku ileile nitakayotolewa. Bwana Mwinjuma, mwenye duka Utete. Rika la Baba. Binti yake wa kwanza ananizidi umri. Utete ni mto na viboko, Tekla, bahari hakuna. Sikutaka kukwambia kwa sababu nikiandika kwako nilikuwa siye yule anayeozwa. Nilikuwa fundi wa mapezi tu. Nilitaka asubuhi yangu kabla ya Utete, na wewe ndiye uliyekuwa umeishika.

Siandiki zaidi.

Somoe


Mbezi, 31 Julai 1954

Somoe,

Ni kweli yote. Nimekosa, nisamehe.

Siku pezi lako la tatu lilipokuwa njiani, nilifunga tena kile kipande cha pezi lililokatika, nikaingia. Baba alikuwa amenifuata, kwa ajili ya lile goti. Akanikuta nimesimama majini, gauni limenigandama, wavuvi wanapiga makofi. Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliingia majini na viatu vyake vya shule, akaubeba ubao kichwani mwenyewe. Njiani aliniuliza, "Mali ya mzungu ikikutwa nyumbani kwa mwalimu Mwafrika, nani atakayeamini kwamba iliokotwa? Utanitolea ushahidi wewe? Wao hawaniamini hata chaki ikipungua." Alikuwa anatetemeka, Somoe. Nilidhani ni hasira. Ilikuwa hofu. Kesho yake akaupeleka bomani, hata asante hakupewa.

Sasa ni nyumbani na kanisani, kanisani na nyumbani. Mama ananihesabia hatua. Pezi lako lilifika jioni ileile, lina harufu ya nguru. Nililala nalo chini ya mto. Halijagusa maji. Nilitunga ile habari kwa sababu ulikuwa umeandika kila ukilala unaiona asubuhi yako, na nilishindwa kuwa mimi wa kuizima. Nakurudishia, ni lako.

Habari ya Bwana Mwinjuma nimeisoma nikiwa jikoni nikaunguza ugali. Nijibu jambo moja tu, hata kama hunitaki tena. Kwetu siku ya ndoa padre anamuuliza bibi arusi mwenyewe, kwa sauti, kanisa zima linasikia. Kwenu nani anakuuliza wewe?

Tekla


Temeke, 28 Agosti 1954

Tekla wangu,

Umeuliza nani ananiuliza. Nikujibu. Kwetu wanakuja mlangoni baba, shehe na mashahidi. Wanauliza mwanamwali umeridhia. Mwanamwali akinyamaza, ameridhia. Akilia, ameridhia zaidi. Kwa hiyo toka nipate akili sijasikia mtu akijibu. Swali lako lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki mpaka Iddi ikapita.

Siku ya kutolewa walinivisha, wakanipamba shanga, wakanipaka mafuta. Pezi la tatu nililifunga kiunoni chini ya kanga, sijui kwa nini, nilitaka tu kitu changu kimoja. Mjomba Marijani akanibeba mabegani. Mwali hukaa pale, macho chini, uso mkavu, hacheki. Jua lilinichoma macho, sikuwa nimeliona tangu niwekwe ndani. Ngoma ikakolea, Mjomba akawa anacheza huku na huku, na mabega yake yanapanda, yanashuka, yanapanda. Nikajua hilo ndilo wimbi langu na lingine sitalipata.

Nikasimama, Tekla.

Kushoto mbele, kulia nyuma, magoti laini. Nikayainua macho nikatazama mbali, juu ya vichwa vyote, juu ya makuti na mabati, na kati ya minazi nikaiona bahari. Kipande cha maji ya Mtoni, kidogo, kinang'aa. Mjomba akasema chinichini, "We mtoto utaniua leo," lakini akanishika vifundo vya miguu, akaendelea kucheza. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikahisi masikio yanaziba. Bibi alijifunika uso kwa mtandio. Dada zake Bwana Mwinjuma hawakupiga.

Alasiri wakaja mlangoni. Shehe akauliza. Nikasema, "Sitaki."

Akadhani hakusikia, akauliza tena. Nikasema tena, kwa sauti, hata jikoni miiko ikaacha kugonga masufuria. Baba akasema, "Mtoto ana wazimu wa jua." Shehe ni mtu mzima, akamjibu, "Bwana Nassibu, amesema. Mie sifungi ndoa ya aliyesema." Watu wa Utete wakala pilau yetu yote, ndipo wakaondoka wamekasirika.

Usidhani imekwisha vizuri. Nimerudishwa ndani. Baba hasemi nami. Kupitishwa kwa ndugu kumefutwa, mpaka nipate adabu, na hakuna aliyesema adabu inapatikana lini. Mbezi siji. Nililia, sio jiwe mie. Dirisha ni lilelile na Bibi amenirudishia kijiti changu nikibembeleze. Ila jana alinong'ona kwamba mwaka ule wake yeye alinyamaza. Kisha akaenda zake kukuna nazi kwenye mbuzi isiyo na kiti, amechutama.

Nimekusamehe. Na kama ningekuwa wewe, naona hata mie ningekudanganya.

Sasa nikwambie jambo. Juzi Baba aliingia kuchukua misumari. Pezi nililiacha juu ya rundo la mbao, sikuwahi kulificha. Alilichukua, akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye makali, polepole, upande huu na upande huu. Nikangoja kofi. Akalirudisha palepale. Akachukua misumari yake akatoka, hakunitazama. Lakini Tekla, randa aliiacha. Na msumeno. Na Baba hasahau zana, hata siku aliyofiwa na mama yake hakusahau.

Mbao ziko hapa, nyembamba, za kutosha. Muda ninao tele. Nitauchonga ubao wa kwangu, na huo hakuna wa kuupeleka bomani, maana umetoka kwa mwanawe fundi Nassibu. Wewe ndiye uliyeushika ule wa kwanza kwa mikono, basi kaa ukumbuke, uniandikie: urefu, upana wa kifuani, upana wa mkiani, unene, kizibo kilikaa wapi. Kweli tupu safari hii. Ukikosa kipimo sema hujui, usinitungie.

Mlango wa chumba changu nimeshaupima. Ubao utapita.

Mie Somoe binti Nassibu